Umelelewa na watu baki na unataka kuwajua ndugu zako? Pa kuanzia kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Naandika hii kwa mtu aliyekulia nyumba ya watu, sasa kafika umri anajiuliza mi wa wapi. Mimi nimelelewa Mtwara mjini na mama ambaye hakunizaa, nimeletwa kwake sijafika hata miaka miwili, na ukoo wa mama yangu mzazi nimekuja kuupata nina miaka 27, upande wa Newala. Ilinichukua zaidi ya miaka mitatu kwa sababu nilianzia mwisho nikarudi mwanzo. We usifanye hivyo.

Anza na aliyekulea. Wengi tunaanza kwa siri, tunapekua makabati, tunaulizia majirani, afu mama anakuja kusikia kisimani kwamba mwanae anatafuta mama mwingine. Mimi ndio nilifanya hivyo na mama yangu alikaa siku mbili hali chakula, mpaka leo nikikumbuka naumia. Mfuate akiwa ametulia, sio msimu wa korosho watu wana presha na mnada, kaa nae mkekani mwambie mama we ni mama yangu na hilo haliondoki, ila nataka kujua nilikotoka nisije nikaolewa na kaka yangu bila kujua. Hiyo sababu ya ndoa wazee wanaielewa haraka kuliko ukiwaambia najisikia sina kwetu, na wala sio uongo, ni jambo la kweli kabisa. Hapo hapo muulize na kama alikunyonyesha, maana kwa sisi waislamu mtoto akinyonyeshwa ndani ya ile miaka miwili ya mwanzo, watoto wa huyo mama wanakuwa ndugu zake, hawaoani, kwa hiyo unaweza kuta ndugu wengine unao tayari humo humo ndani.

Nunua daftari, andika kila anachosema hata kama unaona cha kijinga. Nani alikuleta, alikuja na basi la wapi, ulivaa nini, alikuwa anaongea kimakonde au kimwera au kimakua. Usimuulize mwaka, wazee wetu mwaka hawashiki, muulize kwa matukio. Nyerere alikuwa ameshafariki? (hiyo 1999). Watu walikuwa bado wanavuka Rufiji kwa pantoni au daraja la Mkapa lilishafunguliwa? (2003). Kwa maswali ya namna hiyo mimi nilipata mwaka wangu, na ulikuwa tofauti na ule nilioandikishiwa shule.

Halafu karatasi. Tafuta kadi ya kliniki, hiyo ndio dhahabu maana ina jina la mama na mara nyingi kijiji au kituo alichoanzia. Kama ulizaliwa hospitali kubwa, labda Ligula au Sokoine kule Lindi au zile za misheni Ndanda na Nyangao, nenda kaulize kumbukumbu za wodi ya wazazi, nenda na hiyo kadi na kitambulisho. Kama ulibatizwa, kitabu cha ubatizo cha parokia kina majina ya wazazi na ya msimamizi, na msimamizi anaweza kuwa bado yupo hai. Cheti cha kuzaliwa ni RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kama uliwekwa kwa mlezi kupitia serikali basi kuna faili kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda ukijua haki yako, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 6 inasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wa damu na ndugu zake, kwa hiyo huendi kuomba hisani. Kuna ofisi moja nilienda mara sita wakaniambia faili limeliwa na mchwa. Nililia barabarani kama mtoto. Ila ukiambiwa hivyo usiondoke, muulize nani alikuwa ustawi miaka hiyo na amestaafia wapi, watu hawa wanakumbuka watoto waliopitia mikononi mwao. Na we msomaji kama hujafika miaka 18 usianze safari peke yako, ongea na mlezi wako, na kama nyumbani hakuongeleki piga 116, ni simu ya watoto na haikatwi hela.

Sasa sehemu ambayo ningeambiwa mapema ningeokoa miaka. Kusini huku tafuta upande wa MAMA. Wamakonde, wamakua, wamwera, wayao, kiasili ukoo unafuata mama, na mwenye sauti juu yako ni mjomba. Mi nilihangaika na jina la baba mwaka mzima bure. Kama ni mmakua ukifika kwa wazee watakuuliza nihimo yako, yani ukoo wa mama, hata ukiwa na neno moja tu la huo ukoo milango inafunguka.

Na jina nalo lina mtego. Huku mtoto akitoka jandoni au unyagoni anapewa jina jipya na lile la utoto linaachwa, kuna watu ukiwaita la utoto umewatukana. Kadi yangu ilikuwa na jina la mjini la mama, nimelizungusha vijiji vinne watu wanatikisa kichwa tu, nikaanza kuamini labda kadi yenyewe ya mtu mwingine, mpaka kijiji cha tano bibi mmoja aliyekuwa kungwi zamani akaniuliza huyo mtu alichezwa na kina nani? Sijui bibi. Alikuwaje? Nikamwambia mama mlezi anasema alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto na alikuwa anasukia mkono huo huo wa kushoto. Bibi akanyamaza, akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, akalitaja jina ambalo sijawahi kulisikia, akaniambia nyumba yao ile pale kwenye mwembe. Kwa hiyo watafute makungwi na manyakanga, yani wakuu wa unyago, wanawajua wasichana wote waliopita kwao na mwaka waliochezwa.

Ukipeleka tangazo redio, Jamii FM au Mashujaa FM au yoyote ya karibu, usimwage kila kitu, bakiza jambo moja moyoni, alama au jina, ndilo umuulize anayepiga simu. Matapeli wapo wengi, ukiona ndugu anaomba nauli kabla hamjaonana achana nae.

Kama dalili zinaelekea Msumbiji, na kwetu ni kawaida maana ndugu wako pande zote mbili za Ruvuma na vita viliwatawanya, nenda Msalaba Mwekundu, wana huduma ya kutafuta waliopotezana na ni bure. Kipimo cha damu cha undugu, DNA, kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali lakini huingii tu na hela yako, ombi linapitia ustawi, mahakama au mwanasheria. Mi sikufika huko, sura ilitosha.

Siku ya kwenda usiende mikono mitupu wala peke yako. Chukua mtu mzima anayejua kusema, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, beba sukari, sabuni, kanga ya bibi kama yupo. Sema mapema kabisa mbele ya wajomba kwamba sijaja kudai shamba wala mkorosho. Utaona mabega yanashuka. Wengi wanaofukuzwa hawafukuzwi kwa kuchukiwa, watu wanaogopea mikorosho yao. Na kama mama yako yupo hai na ana mume asiyejua habari zako, usimtokee mlangoni, mtumie mama mdogo au shangazi. Anaweza kukataa. Ikitokea rudi nyumbani kwa aliyekulea, ukae, ulie, usimlaumu mtu kwa wiki kadhaa, afu mwachie ujumbe kwa mjomba kwamba mlango wangu uko wazi. Nina rafiki wa Nachingwea alijibiwa baada ya miaka miwili.

Jina usikimbilie kubadilisha, kama NIDA na vyeti vya shule vina jina la mlezi acha kwanza, hiyo vurugu ni ya kula mwaka.

Mimi mama nilimkuta kaburini. Mara ya pili nilienda na mama mlezi, tulipanda gari stendi ya Mkanaledi asubuhi, njia nzima kanyamaza kashika kapu lake. Bibi yangu alivyomuona alitoka nje bila ndala, akamkalisha mkeka mmoja nae, akamwambia karibu mwanangu, akamuwekea sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, akaanza kumuuliza nilianza kutembea lini, niliumwa surua au sikuumwa, na mama akawa anajibu kimoja kimoja mpaka jua linazama.