Somo: Namna ya kuwaeleza wenzako rekodi ya jazi unayoisikiliza sasa

Wanachama wetu wanapoulizana wanasikiliza nini, majibu mengi huwa ni jina la mpigaji na neno moja la sifa. Jibu la namna hiyo halimsaidii msikilizaji mwingine, kwa sababu mpigaji wa jazi huweza kukipiga kibao kilekile miaka nenda miaka rudi, na kila mara kikatoka tofauti. Somo hili linaeleza namna ya kuandika taarifa ambayo mwenzako akiisoma ataweza kuipata rekodi ileile, kusikiliza palepale palipokugusa, kisha akakubaliana nawe au akakupinga kwa hoja. Nitatumia mfano wa rekodi ninazozisikiliza siku hizi, za mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili, zilizofanywa katika ukumbi wa Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961.

Hatua ya kwanza: itambue rekodi yenyewe

Andika tarehe na mahali muziki ulipopigwa, wala usitosheke na mwaka unaouona kwenye huduma za muziki za intaneti, kwa kuwa mara nyingi huo ni mwaka wa toleo jipya. Muziki wa Jumapili ile ulitoa albamu mbili, "Sunday at the Village Vanguard" ya mwaka 1961 na "Waltz for Debby" ya mwaka 1962, na mwaka 2005 likatoka toleo la diski tatu linalofuata mpangilio wa siku yenyewe, pamoja na kibao cha kwanza ambacho kilikatizwa na hitilafu ya umeme. Evans alirekodiwa tena katika ukumbi huohuo mwezi Juni 1980, miezi michache kabla ya kufariki, akiwa na wapigaji wengine kabisa. Kwa hiyo anayesema tu kwamba anamsikiliza Evans akiwa Vanguard bado hajatuambia anasikiliza nini.

Hatua ya pili: wataje wapigaji wote

Evans yuko kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, na Paul Motian kwenye dramu. Kuwataja wote watatu si adabu tu, bali ndiyo njia ya kuuelewa muziki wenyewe. Katika bendi nyingi za wakati ule besi ilikuwa ikitembea hatua kwa hatua chini ya wenzake na kulinda mwendo. LaFaro alikuwa kijana wa miaka 25, na hakukubali kubaki hapo: hupanda kwenye sauti za juu, humjibu Evans katikati ya sentensi, na wakati mwingine hunyamaza pale tulipomtarajia. Alifariki katika ajali ya gari tarehe 6 Julai 1961, siku 11 baada ya rekodi hizi. Albamu ya kwanza ilipangwa baada ya msiba huo, na ndiyo sababu inafunguliwa na kufungwa na vibao alivyovitunga yeye, "Gloria's Step" na "Jade Visions". Anayelijua jambo hili huisikiliza besi kwa sikio jingine.

Vilevile, hakikisha wapigaji kibao kwa kibao. Katika "Kind of Blue", albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, piano ni ya Bill Evans isipokuwa katika kibao kimoja, "Freddie Freeloader", ambacho kimepigwa na Wynton Kelly. Nimesoma sifa nyingi ambazo Evans amepewa kwa kazi ya Kelly, na kwangu hilo ni kumdhulumu Kelly.

Hatua ya tatu: rudia kusikiliza, kila mara ukifuata chombo kimoja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami ningependa mtu asikilize kibao kimoja kwa juma zima kuliko apitie albamu saba akifanya mambo mengine. Chukua kibao cha "Waltz for Debby", ambacho Evans alimtungia mtoto wa ndugu yake. Mara ya kwanza hesabu tu: mwanzoni, piano na besi zikiwa peke yake, utahesabu moja, mbili, tatu, kwa mwendo wa wolzi. Kisha dramu inaingia kwa brashi, zinazotumika badala ya vijiti, na ghafla hesabu yako ya tatu inakataa. Sasa ni nne, na muziki ambao ulikuwa ukiyumba taratibu unaanza kusonga mbele. Mara ya pili msahau Evans kabisa, umfuate LaFaro tangu noti ya kwanza hadi anapopewa nafasi ya solo. Mara ya tatu sikiliza matoazi ya Motian, ambayo mara nyingi hayapigi mapigo bali huyadokeza.

Hatua ya nne: onyesha mahali pamoja, ueleze kinachotokea hapo

Badala ya kuandika kwamba kibao ni kizuri mno, andika hivi: "Brashi zinapoingia baada ya utangulizi, mwendo unageuka kutoka tatu kwenda nne, na besi inaacha kuimba pamoja na piano na kuanza kujibizana nayo." Msomaji anaweza kulihakiki jambo hilo kwa masikio yake. Taja pia unachosikilizia, kwa sababu spika ndogo ya simu humeza sauti za chini za besi, na asiyesikia besi katika rekodi hizi anakosa theluthi ya mazungumzo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nasikia glasi zikigongana na watu wakiongea. Je, nakala yangu ni mbovu?

Marahaba. Nakala yako ni nzima. Hao ni wateja wa ukumbi, ambao walikuwa wakinywa na kuzungumza huku muziki ukiendelea. Baadhi ya wasikilizaji hukerwa nao. Mimi nawapenda, kwani wanaonyesha ukubwa wa chumba na jinsi wale watatu walivyopiga kwa sauti ya chini bila kushindana na mtu.

Ndugu mwalimu, nina nakala mbili za "Kind of Blue", na noti za upande wa kwanza wa ile ya zamani ziko juu kidogo kuliko za ile mpya. Ipi ni sahihi?

Ile mpya. Mashine iliyorekodi vibao vitatu vya tarehe 2 Machi 1959 ilikuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida noti zilipanda. Jambo hilo halikurekebishwa hadi matoleo ya miaka ya 1990. Ndiyo maana nasisitiza kutaja toleo.

Je, mtu asiyejua kusoma noti anaruhusiwa kuandika taarifa?

Bila shaka. Hesabu, majina na masikio vinatosha.

Naomba rekodi ya kuanzia ambayo Mswahili ataihisi karibu naye.

Tafuta "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960 kwa bendi kubwa. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na mpangaji wa muziki ni Melba Liston, mpiga tromboni ambaye jina lake mara nyingi huachwa, wewe usiliache. Katika utangulizi utamsikia Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akisema kwa Kiswahili, zaidi ya mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru. Sehemu ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues". Isikilize kwanza ukifuata ngoma peke yake, kwa kuwa wapigaji ni wengi, akiwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba, kisha utuletee taarifa ukitaja mahali pamoja tu.