Kuokoa nishati wakati wa kupitisha data katika mtandao usiotumia waya
Anza na redio, kwani katika vihisi vingi (vifaa vidogo vinavyopima mazingira na kutuma data) ndiyo imalizayo betri, na kusikiliza bila kupokea chochote hugharimu chaji karibu sawa na kupokea data. Iwekee ratiba ya kuzimika. Unapochagua njia ya data kutoka kifaa hadi kifaa, kumbuka kwamba nguvu ya kurusha mawimbi huongezeka kwa angalau mraba wa umbali: kifaa kilicho mita 100 kutoka kituo kikuu kikipitishia data kwa kingine kilicho katikati, kila hatua huhitaji takriban robo ya nguvu ya kurusha moja kwa moja, ingawa (na hili husahauliwa mno) mapokezi ya hapo katikati nayo hula chaji. Njia moja ikitumiwa daima, vifaa vyake hufa mapema. Kwa hiyo linganisha chaji iliyobaki kabla ya kuichagua tena.