Jinsi ya Kusoma Toleo la Kwanza la Iron Man kwa Kufuata Teknolojia Yake

Anayefungua leo Tales of Suspense namba 39, toleo la katuni ambamo Iron Man, shujaa wa deraya ya chuma, alionekana kwa mara ya kwanza, hukutana na neno moja linalojitokeza kila hadithi inapofika pazito: transista, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki kinachoongoza mkondo wa umeme. Wasomaji wengi huliona ni neno la kizamani, wakaliruka ili wawahi mapigano. Kwa maoni yangu wanaruka sehemu bora ya toleo lenyewe, kwa sababu hadithi hii ya kurasa 13, iliyobuniwa na Stan Lee, ikaandikwa na Larry Lieber na kuchorwa na Don Heck, inaonyesha kwa usahihi mkubwa kile ambacho Wamarekani wa wakati huo walikitarajia kutoka kwa kifaa kidogo kuliko ukucha. Ukitaka kukiona, isome kwa utaratibu ufuatao.

Anza na tarehe, tena usiiamini ya jalada. Jalada linasema Machi 1963, lakini toleo lilikuwa limeshafika kwa wauza magazeti mwishoni mwa 1962, kwa kuwa wachapishaji wa Marekani walikuwa na desturi ya kutanguliza tarehe ili gazeti likae madukani muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kila utakalolilinganisha na hadithi hii lilinganishe na hali ya 1962. Jambo hilo lina uzito mkubwa, maana hadithi inatokea Vietnam, na wakati huo Marekani ilikuwa na washauri wa kijeshi tu huko. Vikosi vyake vya kwanza vya mapigano vya nchi kavu vilitua Da Nang mwezi Machi 1965. Mtoto aliyelinunua toleo hili kwa senti 12 hakuwa na picha ya vita tuliyonayo sisi, na ukimsomea hadithi kwa macho ya 1970 utakuwa unamwonea.

Hatua ya pili ni kusoma hadithi yote mara moja bila kusimama, kisha kuirudia ukiwa na daftari lenye safu tatu: kifaa kilichotajwa, kazi ambayo hadithi inadai kinaifanya, na kazi ambayo kifaa halisi kiliweza kuifanya mwaka huo. Mtiririko wa hadithi ni mwepesi kuufuata. Tony Stark, mvumbuzi tajiri anayeliuzia jeshi silaha, anakwenda Vietnam kuona vifaa vyake vikitumika. Anajikwaa kwenye mtego wa bomu, na vipande vya chuma vinaingia kifuani na kuanza kuusogelea moyo. Mbabe wa vita aitwaye Wong-Chu anamteka na kumwamuru amtengenezee silaha. Badala yake, Stark na mateka mwenzake, Profesa Yinsen, wanaunda deraya ya chuma inayomweka hai na kumpa nguvu za kujiokoa, naye anakuwa Iron Man.

Kwenye safu ya kwanza, andika transista juu kabisa na uipe ukurasa mzima. Hadithi inaanza na Stark akimwonyesha ofisa wa jeshi jinsi transista yake ndogo inavyoiongezea sumaku nguvu kiasi cha kushinda mlango mzito wa chuma. Sasa jaza safu ya tatu. Transista ilivumbuliwa mwezi Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka 1956. Kazi yake halisi ni mbili: kuwasha na kuzima mkondo wa umeme kama swichi, na kuutumia mkondo mdogo kuongoza mkondo mkubwa. Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyowapotosha waandishi. Transista ni kama koki ya bomba: kidole kimoja huachia maji mengi, lakini maji yote yanatoka tangini, wala koki haiongezi hata tone. Vivyo hivyo, nguvu inayotoka kwenye saketi hutoka kwenye betri. Sumaku ya Stark inapata nguvu ambayo hadithi haisemi imetoka wapi, na hapo ndipo sayansi inapoishia na ndoto kuanza.

Hata hivyo, usiandike neno "kosa" ukaishia hapo. Jiulize kwa nini msomaji wa 1962 aliikubali ndoto hiyo bila kusita. Jibu lilikuwa mfukoni mwake. Redio ya Regency TR-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, ilikuwa na transista nne tu, ikachukua nafasi ya redio za vali, yaani taa za kioo zilizofanya kazi hiyo kabla ya transista, zilizokuwa zikikaa juu ya meza na kuchemka. Wazee wetu wa Afrika Mashariki nao waliona badiliko hilo, pale redio za betri zilipofika vijijini ambako umeme haukuwa umefika. Mtu aliyelishuhudia sanduku zima la sebuleni likipungua hadi kutosha kiganjani, na bado sauti ikatoka, hakuwa na sababu ya kukataa kwamba deraya nzima ingeweza kuendeshwa na vifaa vya aina hiyo. Tena matumaini yake hayakuwa mbali na ukweli: chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300, na chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Waandishi walikosea kazi ya kifaa, lakini hawakukosea ukubwa wa mustakabali wake.

Kisha nenda kifuani. Bamba la chuma linalouweka moyo wa Stark katika mapigo ndilo jambo linaloonekana la kubuni kuliko yote, kumbe ndilo lililo karibu zaidi na habari za hospitali za siku hizo. Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Solna nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikiza mgonjwa Arne Larsson kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kilikuwa na transista mbili, na betri yake ilichajiwa kutoka nje ya mwili bila kuigusa. Kile cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikabadilishwa. Larsson aliishi hadi mwaka 2001. Ukiendelea na matoleo yanayofuata na kumwona Stark akihangaika kulichaji bamba lake kabla moyo haujasimama, kumbuka kwamba miaka michache tu kabla yake mtu halisi alikuwa amewekewa mwilini kifaa chenye betri ya kuchajiwa. Hapo ndipo hadithi hii inaponigusa zaidi.

Baada ya hapo orodhesha vitu ambavyo havimo. Ndani ya kofia ya chuma hakuna kompyuta inayozungumza wala skrini inayomsomea Stark hali ya adui. Mwisho wa Wong-Chu unaletwa na mafuta yaliyomwagwa na kuwashwa moto hadi kwenye ghala la risasi, mbinu ambayo fundi yeyote wa gereji angeielewa.

Usiache kuandika pia namna watu walivyochorwa. Sura na tabia ya Wong-Chu zimebeba dharau ya wakati huo dhidi ya watu wa Asia, na dharau hiyo imechakaa vibaya kuliko transista yoyote. Yinsen ndiye anayeurudishia ukurasa heshima: ni msomi, nusu ya uvumbuzi ni yake, naye ndiye anayekwenda kufa ili deraya ipate muda wa kujaa nguvu. Mpe nafasi yake kwenye daftari lako.

Kuhusu chapa ya kusoma, mikusanyo ya kisasa huwa na rangi zilizosafishwa na haina matangazo ya biashara, hivyo ukipata nakala inayolirudia toleo kama lilivyotoka, ichague hiyo. Deraya iwe ya kijivu. Rangi ya dhahabu inakuja katika namba 40, kwa maelezo kwamba kijivu kiliwatisha watu.

Mwisho linganisha na filamu ya Iron Man ya mwaka 2008. Mahali pamehamishiwa Afghanistan, na nafasi ya transista imechukuliwa na kinu kidogo cha nishati kifuani, lakini vipande vya chuma na Yinsen wamebaki. Andika kandokando kilichobadilishwa na kilichoachwa.

Ukimaliza, tumia daftari hilohilo kwa Fantastic Four namba 1 ya Novemba 1961, katuni ya kundi la mashujaa wanne, ambamo wanne hao wanaiharakisha roketi yao kwa hofu ya kutanguliwa na Wakomunisti. Safu ya tatu ianze na tarehe 12 Aprili 1961, siku ambayo Yuri Gagarin aliizunguka dunia.