Jinsi ya kuona jua likichambua vimondo vya Desemba, ukiwa Mombasa

Watu wengi hutoka siku moja tu, ule usiku wa kuamkia 14 Desemba, wakishaona vimondo vitatu vinne basi wanarudi kulala. Toka siku tatu jamani, usiku wa 12, 13 na 14, utamu wa Jeminidi, yaani hivi vimondo vya Desemba, uko kwa kulinganisha.

Usiende Likoni wala Diani, vimondo hivi vinaanzia kaskazini mashariki halafu kaskazini, na ukiwa kule taa za mji zakukaa usoni. Panda matatu ya kwenda Kilifi ushuke Kikambala ama Vipingo, mji ubaki mgongoni. Tandika mkeka, simu weka mbali nusu saa macho yazoee giza. Anza saa tano, saa nane ndo kunanoga.

Sasa daftari. Tafuta nyota mbili za kundi la nyota la Mapacha, Castor na Pollux, Pollux ndo yenye mwanga zaidi, hiyo ndo rula yako: kimondo kikiishinda weka alama upande wa "vikali", kisipoishinda weka "hafifu". Usiku wa kwanza hafifu huwa vingi, usiku wa mwisho vimepungua lakini vikali vina sehemu kubwa zaidi.

Kwa nini? Vimondo hivi ni punje za vumbi zinazoungua angani, na vumbi hili ni la Phaethon, jiwe linalozunguka jua kwa mwaka mmoja na miezi mitano hivi. Ushawahi kupanda boda kwenye mvua? Mvua inashuka wima lakini wewe yakupiga usoni kwa sababu unakwenda mbele. Mwanga wa jua unapiga punje za vumbi vivyo hivyo, unazipunguza mwendo kidogo kidogo, njia yao inasinyaa, na punje ndogo ndo huumia zaidi kwa sababu hazina uzito wa kuhimili. Baada ya karne nyingi ndogo na kubwa zimeachana njia, ndo maana dunia inazikuta ndogo kwanza.

Na Mshtarii, yaani Jupita, naye anavuta mkondo wote wa vumbi. Jeminidi zilianza kutambulika 1862, zikiwa chache, leo kwenye giza zuri zinapita 100 kwa saa, sababu amezisogeza karibu na njia yetu.

Kabla hujapanga safari angalia tarehe ya mwezi wa Kiislamu, ikiwa kati ya 12 na 22 ahirisha mpaka mwaka mwingine, mbalamwezi itameza hafifu zote na hesabu yako itakudanganya.