Kumpeleka Mraibu Asiye na Makao kutoka Mombasa hadi Nyumba ya Soba Zanzibar

Familia nyingi za Mombasa hutamani kumpeleka ndugu yao ng'ambo akaache unga, yaani heroini, kwa kuwa zimeona jinsi maskani ya zamani yanavyomvuta kila anapojaribu. Ng'ambo iliyo karibu nasi, na inayozungumza lugha yetu, ni Zanzibar, ambako kuna nyumba za soba, yaani makazi ambamo waraibu huishi pamoja bila kutumia kilevi, zinazofuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, chama cha waraibu wanaosaidiana kuacha kilichoanzia California mwaka 1953. Umbali humpa mtu nafasi ya kupumua, lakini asiye na kwao atarudi kulala pale pale barazani iwapo hakuna aliyemwandalia pa kurudi. Kwa hiyo tafuteni chumba kabla ya tiketi, mtaa tofauti na ule aliovutia unga, na jamaa mmoja akubali waziwazi kuwa ndiye atakayempokea.

Muulizeni mwenyewe kama anataka kwenda. Aliyebebwa kwa nguvu hutoroka, na kutoroka katika nchi ya wageni bila pesa ni hatari kuliko kubaki.

Kisha apimwe hospitalini. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili anapouacha, kwa kawaida haiui, ijapokuwa kutapika na kuharisha huweza kumkausha maji mwilini, lakini anayeacha ghafla pombe au vidonge vya usingizi anaweza kupata degedege, naye ni lazima awe chini ya daktari. Msimpandishe basi akiwa katika arosto. Akiwa anatumia ARV au dawa za kifua kikuu, abebe dozi za kutosha pamoja na barua ya kliniki. Ikiwa anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya unga, huko Kisauni na ametulia, mimi nasema abaki nayo, kwa sababu nyumba nyingi za soba hutaka mtu aache kila kitu, na kumkatiza tiba inayomfaa ni kumdhulumu.

Hati ndizo zinazowakwamisha wengi. Aliyelala nje kwa miaka mingi huwa amepoteza kitambulisho, hivyo aanze na abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kuwa ameripoti upotevu, aende Huduma Centre kuomba kingine, ndipo aombe pasipoti kupitia eCitizen akiwa na cheti cha kuzaliwa. Nambari ya simu inayoandikwa iwe ya jamaa, maana simu ya mtu wa barabarani haikai. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani kinga yake huchukua muda huo kujengeka. Njia ya nchi kavu hupita Likoni, Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga na Dar es Salaam, na kutoka hapo huvuka kwa boti. Asiachwe asafiri peke yake.

Nyumba yenyewe ihojiwe kwa simu kabla ya kutuma hata shilingi: imesajiliwa na nani, ada ya mwezi inajumuisha chakula na dawa au la, nani huamka usiku mtu akizidiwa, na je, ataruhusiwa kuongea na nyumbani? Wakikwambia kwamba mkaidi hupigwa au kufungwa minyororo, katisha mazungumzo. Hiyo si tiba, hata kama bei ni nafuu.

Atakaporudi, jambo moja lazima lisemwe kwake na kwa kila anayeishi naye, tena bila kuona haya. Mwili uliokaa miezi bila unga haustahimili tena kipimo cha zamani, na wengi hufa kwa kurudia kiasi kile kile walichokizoea. Ulizeni kliniki kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, na mfundishwe kuitumia. Mkimkuta hazinduki na pumzi zimepungua, mpeni naloksoni ikiwapo, msaidieni kupumua kwa mdomo, mlazeni kwa ubavu akianza kupumua mwenyewe, kisha mkimbizeni hospitali na mbaki naye, kwa kuwa nguvu ya naloksoni huweza kwisha kabla ya nguvu ya unga.