Namna ya Kumpa Mgonjwa Dripu kwa Usalama Wodini

Dripu ni dawa, na inastahili uangalifu uleule anaopewa mgonjwa anapochomwa sindano. Kwa kuwa ndani ya mfuko huonekana maji matupu, ni rahisi kuutundika kwa haraka, ilhali lita moja iliyoingia kwa kasi isiyofaa yaweza kuyajaza maji mapafu ya mgonjwa wa moyo au wa figo.

Kabla ya kutundika, soma agizo la daktari na uhakikishe kwamba linataja aina ya maji, kiasi, muda na dawa yoyote ya kuongezwa. Likiwa na pengo, ulizia kwanza. Mwombe mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, kisha ulilinganishe na chati na bangili yake. Usimtajie wewe na kumwuliza kama ndiye, kwa maana mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote. Ulizia mzio, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na uuinue mfuko kwenye mwanga. Ukiona ukungu, chembe au mvujo, usiutumie.

Kasi ya matone hupatikana kwa kuzidisha mililita za maji kwa idadi ya matone yanayounda mililita moja, kisha kugawanya kwa dakika. Idadi hiyo huandikwa kwenye pakiti ya seti ya dripu, yaani mrija unaopitisha maji kutoka kwenye mfuko, na hutofautiana: zipo seti za matone 15, za 20, na za matone madogo 60. Mililita 1,000 kwa saa 8, kwa seti ya 20, ni 1,000 × 20 ÷ 480, yaani matone 42 kwa dakika. Anayetumia kasi hiyohiyo kwa seti ya 15 bila kusoma pakiti atayamaliza maji hayo kwa takriban saa 6. Ukishaweka kasi, hesabu matone kwa dakika nzima, na urudi kuyahesabu tena, kwa kuwa mgonjwa akikunja mkono au akiinuka kasi hubadilika.

Potasiamu inahitaji tahadhari ya pekee. Kloridi ya potasiamu isiyochanganywa haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa kwa hali yoyote ile, kwani yaweza kuusimamisha moyo papo hapo. Huchanganywa kwenye mfuko wa maji, na mfuko hugeuzwa juu chini mara kadhaa kabla ya kutundikwa ili dawa isitulie karibu na mdomo wa kutolea na kumwingia mgonjwa yote kwa mkupuo. Kwa sababu hiyohiyo, haiongezwi kwenye mfuko ambao tayari umeshatundikwa. Katika wodi ya kawaida, kwa mtu mzima, kasi isizidi milimoli 10 (kipimo cha kiasi cha potasiamu) kwa saa. Inayozidi hapo humtaka mgonjwa awe kwenye mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo. Kabla ya kuanza, pata kipimo cha damu cha karibuni na uthibitishe kwamba mgonjwa anakojoa, kwa maana figo zisipofanya kazi potasiamu hujilimbikiza mwilini.

Dawa mbili zisichangie mrija kabla ya kuthibitisha kwamba zinapatana. Seftriaksoni, ambayo ni antibiotiki, kwa mfano, haichanganywi na Ringa lakteti, aina ya maji ya dripu yenye chumvi, kwa sababu kalsiamu iliyomo katika maji hayo huweza kugandamana nayo na kufanya chembe. Damu nayo haipitishwi pamoja na maji ya glukosi.

Dripu ikiendelea, mtazame mgonjwa kuliko unavyoutazama mfuko. Sehemu ya kanula, yaani mrija mdogo uliochomekwa mshipani, ikivimba na kuwa baridi, maji yanatoka nje ya mshipa. Ikiwa nyekundu, yenye joto na maumivu, mshipa umewaka. Katika hali zote mbili, simamisha dripu, toa kanula na utafute mshipa mwingine. Pima mkojo: mtu mzima wa kilo 60 hutarajiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Pale maji yanapopewa kwa siku kadhaa, uzito wa kila asubuhi ni kipimo ninachokithamini sana, kwa kuwa kilo moja iliyoongezeka ghafla ni karibu sawa na lita moja iliyobaki mwilini.

Mgonjwa akianza kuhema, kukohoa, au mishipa ya shingo ikitutumka, simamisha maji lakini uiache kanula, maana itahitajika kwa dawa. Mkalishe wima, pima oksijeni na shinikizo la damu, mwite daktari mara moja, kisha uandike kwenye chati saa uliyosimamisha na kiasi kilichokwisha kuingia.