Siga za Havana: Kagua Boksi Kabla Hujatoa Pesa

Mnunuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, haridhiki na juu ya gunia. Huzamisha mkono hadi chini, akachota wa katikati, akawanusa na kutazama kama wana mchanga. Mtu huyohuyo akitua Havana, Kuba, akapokelewa na kijana mchangamfu ambaye shemeji yake "yuko kiwandani" kunakotengenezwa siga, husahau ujuzi wote. Ataambiwa leo ni siku ya ushirika, wafanyakazi wanaruhusiwa kuuza siga zao kwa bei ya chini. Siku hiyo haipo. Hadithi hiyo husimuliwa Jumatatu hadi Jumapili.

Siga halisi ya mkono ni majani marefu ya tumbaku yaliyoviringwa ndani ya jani jingine, bila karatasi. Ya bandia hujazwa vipande na makapi, ndiyo maana hukataa kuvutika au huungua upande mmoja.

Nunua kwenye duka rasmi, La Casa del Habano, na udai risiti. Hata humo ndani, muuzaji akichomoa boksi chini ya meza na risiti hataki kuandika, liache.

Sasa boksi lenyewe. Mbele kushoto pawe na stempu ya kijani na nyeupe. Za tangu 2010 zina hologramu na msimbopau wenye namba. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza siga za Kuba, kabla ya kulipa, si ukishafika hotelini. Kona ya juu kulia pana kibandiko cha mshazari kilichoandikwa "Habanos". Geuza boksi: maneno "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Kuba) na "Totalmente a mano" (kwa mkono kabisa) yawe yamechomwa kwenye ubao, ukipitisha kidole uhisi yamezama. Karibu yake hugongwa muhuri wa wino wenye herufi za kiwanda, mwezi na mwaka. "ENE 24" ni Januari 2024. Boksi likiwa na mfuniko wa kioo, usihangaike na ukaguzi mwingine: ni bandia.

Fungua. Siga hupangwa kwa rangi, iliyokoza kushoto, nyepesi kulia, tofauti ndogo sana. Pete zake, yaani vitepe vyenye jina la siga, zikae kimo kimoja na zitazame juu. Bonyeza taratibu, uvimbe mgumu au sehemu iliyolegea ni dalili mbaya. Harufu isikuhadae, kwani hata makapi ya tumbaku hunukia vizuri.

Bei nayo inasema. Tangu 2022 bei ya Cohiba, chapa maarufu ya siga za Kuba, imepandishwa sana ikalingana karibu duniani kote, Kuba ikiwemo. Boksi la 25 kwa dola 60? Hapana.

Forodha ya Kuba huruhusu utoke na siga 20 bila risiti, hadi 50 zikiwa kwenye maboksi asilia yaliyofungwa yenye hologramu. Zaidi ya hapo lazima risiti, na iwe mkononi, si kwenye begi lililokwisha kupakiwa.

Ukirudi Mwanza ziweke kwenye chombo cha mfuniko unaobana, na pakiti ya kutunza unyevu wa asilimia 65, mbali na dirisha la jua. Joto likizidi nyuzi 25 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa, na siga hutobolewa vitundu kama vya sindano. Za mtaani ndizo huanza, maana hakuna aliyezigandisha kuyaua.